Pikipiki Isiyo na Stendi

Mtaani walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na jina lenyewe lilimkaa kama soksi. Hata akiketi, goti lilikuwa linatembea. Kazi yake ilikuwa kufunga madishi ya televisheni juu ya mapaa, na wateja walimpenda kwa sababu alipanda haraka na kushuka haraka. Nyumbani, mama mkwe wake alikuwa amempiga marufuku kuweka mguu karibu na meza ndogo, maana vikombe vilikuwa vinahama vyenyewe mpaka ukingoni.

Siku hizo goti lilikuwa limezidi. Sababu ilikuwa pale pale sebuleni, mahali palipokuwa na kochi la watu wawili: pikipiki yake kubwa, gurudumu la nyuma limeinuliwa juu ya jeki, imevuliwa nguo zote kama mgonjwa anayesubiri sindano.

Mambo yalianzia kwa mkewe. Yeye alifanya kazi chumba cha plasta hospitalini. Ukivunjika mkono au mguu, ndiye aliyelowesha bendeji na kukuviringishia, huku akikuuliza habari za nyumbani ili usahau maumivu. Nusu ya mtaa ilikuwa imepita mikononi mwake, na mtaa mzima ulimwita Plasta. Waendesha pikipiki aliwajua kwa miguu kabla ya kuwajua kwa sura. Jioni moja alirudi, akavua viatu, akakaa, akazungumza bila hata kupandisha sauti.

"Leo nimefunua shuka nikaona buti kama lako. Nimesimama na mkasi wangu, mkono umegoma kukata suruali. Mpaka mwenzangu akaja akakata yeye. Hakuwa wewe. Sasa nisikilize, mume wangu. Ama hiyo pikipiki itoke barabarani, ama mimi na mama tutoke humu ndani. Mbio sikukatazi. Nakujua, ukitulia utaoza. Lakini katafute pa kukimbilia pasipo na malori."

Pa kukimbilia palikuwepo. Nje ya mji kulikuwa na uwanja wa mashindano, lami pana inayojizungusha yenyewe. Mtu anapeleka pikipiki yake, anakimbia mpaka roho inashuka mahali pake, anarudi kwao. Ila pikipiki ya barabarani haiingii uwanjani hivi hivi. Lazima ivuliwe, ifungwe upya, na ikishafungwa hivyo haina ruhusa tena kukanyaga barabara. Kiguu alikubali. Alikubali mbele ya mkewe, mbele ya mama mkwe, mbele ya shemeji yake mchora mabango, na mbele ya jirani mshonaji aliyekuwa ameingia kuomba sindano akasahau kutoka. Yaani ilikuwa kama ametangaza kwa kipaza sauti.

Fundi aliyepewa kazi aliitwa Legeza, kwa sababu ukimpelekea kitu chochote, hata saa ya ukutani, neno lake la kwanza ni "tulegeze kwanza". Alikuja kila jioni na sanduku la spana, na kila jioni sebule ilijaa watu. Mshonaji alileta kazi yake ya kupinda pindo akaifanyia hapo. Wengine walikuja kutazama tu, wakaishia kutoa maoni.

"Mwanangu," mama mkwe akamuuliza fundi, "taa nzima hivyo mbona unaing'oa?"

"Kioo, mama. Ikianguka uwanjani vipande vinamwagika kwenye lami, wa nyuma wanapasukiwa na matairi."

"Na hivi vya kujitazamia?"

"Uwanjani hakuna kuangalia nyuma."

"Na honi?"

"Utampigia nani, mama? Wote wanaelekea upande mmoja."

"Basi huko ni peponi," mama mkwe akasema, na sebule nzima ikacheka.

Kiguu hakucheka. Alikuwa anazunguka, kutoka mlangoni mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka mlangoni. Kila kitu kilichotoka kwenye ile pikipiki alikihisi kwenye mbavu zake. Zilitoka indiketa, ukatoka mkono wa kushikia abiria. Maji ya rangi ya kwenye rejeta, yale ya kupozea injini, yalimwagwa, yakawekwa maji ya kawaida, maana yale ya rangi yakivuja yanateleza kama mlenda. Feni ya rejeta nayo ikafunguliwa.

"Hiyo nayo?" Kiguu akauliza.

"Uzito wa bure," Legeza akamjibu. "Feni ni ya kwenye foleni. Wewe foleni utaikuta wapi? Upepo wa mwendo unatosha."

Ya mwisho kutoka ilikuwa stendi, kile kijiti cha chuma cha kuegeshea. Ukiilaza pikipiki kwenye kona, stendi inaweza kugusa lami ikakurusha. Legeza aliifungua, akaunganisha nyaya mbili ili injini isiendelee kudhani stendi iko chini, akaipokea stendi mkononi na kuipima kama samaki.

"Kuanzia leo haisimami yenyewe," akasema. "Ama ipande jeki, ama uishike."

Shemeji ndiye aliyepaka rangi maganda mapya ya faiba yaliyofungwa badala ya yale ya zamani, meupe na mstari wa rangi ya chungwa, mstari ulionyooka kiasi cha kumliza mtu. Alipomaliza mkono wa mwisho wa rangi, Jumatano hiyo, akamwinulia Kiguu kidole.

"Shem, usiiguse mpaka Jumamosi. Haijakauka. Hata kwa mapenzi, usiiguse."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya uwanjani. Shemeji angeipakia kwenye pikapu yake, waende. Siku zilizobaki zilikuwa za kukaa tu na kungoja, yaani kazi pekee ambayo Kiguu hakuwahi kujifunza.

Alhamisi alikuwa juu ya paa la ghorofa akielekeza dishi. Kutoka pale barabara ya nje, ile inayoshuka mpaka katikati ya mji, ilionekana yote, nyeusi, imenyooka, na saa hiyo ya mchana ilikuwa tupu kana kwamba imefagiliwa kwa ajili ya mgeni. Mteja akapiga kelele kutoka chini, "Picha imekuja! Imekuja! Aaa, imekwenda tena!" Kiguu alikuwa amelisukuma dishi kwa goti.

Akili yake ikaanza kumshonea sababu. Injini haijajaribiwa. Mtu unawezaje kupeleka uwanjani kitu ambacho hujakisikia kinapumua? Kituo cha mafuta kipo mwisho wa mtaa. Kwenda na kurudi tu. Na Plasta yuko kazini mpaka jioni. Hii ya mwisho haikuwa sababu, lakini nayo ilijipanga kwenye foleni na wenzake.

Akashuka, akaenda nyumbani mbio mbio. Akavaa suti ya ngozi ya uwanjani, nyeusi, imembana kama ganda la mbegu, akijiambia inahitaji kuzoea mwili. Sebuleni mama mkwe alikuwa na televisheni yake.

"Mama, naipeleka kwa Legeza. Cheni imelegea."

"Umevaa hivyo kwa ajili ya cheni?"

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe akamtazama kuanzia kola mpaka buti, akarudi kwenye televisheni. "Haya. Ufunge mlango, inzi wanaingia."

Alipoishusha kwenye jeki na kuisukuma nje, moyo ulikuwa unamwenda mbio kama mwizi wa kuku. Injini ikaitika mara ya kwanza. Kituo cha mafuta kikamjia, kikampita, naye wala hakugeuza shingo. Akaingia barabara ya nje, akafungua mkono wa mafuta.

Hapo ndipo goti lilipotulia. Kitu chote kile kilichokuwa kinamtembea mwilini, tangu utotoni, tangu walimu walipomfunga kwenye dawati kwa mkanda, kilinyamaza. Hakuwa na mke, hakuwa na dishi, hakuwa na Jumamosi. Pikipiki ilikuwa nyepesi kama wazo. Akacheka ndani ya helmeti mpaka kioo kikapata ukungu.

Kisha barabara ikaisha, kama zinavyoisha zote, kwenye mzunguko wa katikati ya mji, ule wa bustani ya nyasi, na hapo ikamkuta foleni. Mabasi, malori, mikokoteni. Kuna lori lilikuwa linarudi nyuma kuelekea kwake naye hana honi ya kulionya. Kuna gari lilitaka kumpita kulia naye hana kioo cha kuliona. Lilimkosa kwa upana wa kitambaa. Na wakati yote hayo yanatokea, kwenye ngozi ya paja alihisi joto, joto la kupikia. Taa nyekundu ya joto ikawaka kwenye usukani. Maji yakaanza kuchemka kwa sauti, mvuke ukampanda kifuani, na watu ndani ya basi wakaanza kusogea dirishani.

Hakukuwa na feni. Upepo wa mwendo ulikuwa umesimama pamoja naye.

Akazima injini, akateremka, akaisukuma mpaka juu ya ile bustani ya katikati, mahali pekee palipokuwa wazi. Akavuta pumzi. Akanyoosha mguu wa kushoto, kwa mazoea ya miaka, kusukuma stendi ishuke. Mguu ukapiga hewa. Akapiga tena.

Akatazama huku na huku. Nyasi, maua mafupi, bomba la kumwagilia. Hapakuwa na ukuta, wala mti, wala nguzo. Na hata ungekuwepo ukuta, rangi ilikuwa mbichi. Kuilaza chini? Faiba ilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Simu? Suti ya uwanjani haina mfuko hata mmoja. Simu ilikuwa kwenye suruali yake, na suruali ilikuwa juu ya kitanda.

Basi akasimama. Jua la saa nane, ngozi nyeusi, mikono miwili kwenye usukani, katikati ya mji, na kila mtu mwenye safari yoyote ile lazima amzunguke.

"Oya! Unaiuza au unailinda?" dereva wa teksi akamwuliza.

"Inapoa tu, kaka."

"Na wewe je, unapoa?"

Teksi ikazunguka, ikarudi mara ya pili makusudi, dereva akiwa amemwambia abiria wake atazame. Muuza maji akataka kumsaidia, lakini Kiguu hakuwa na sarafu wala mkono wa kushikia chupa. Yule muuzaji akamnywesha mdomoni bure, kama ndama. Bwana mmoja mwenye tai, mwili mkubwa, akajitolea kuishika kidogo. Kiguu alikuwa hajaachia vizuri, yule bwana akapaza sauti, "Ndugu yangu, basi langu lile pale!" akatoka mbio, na pikipiki ikaanza kwenda upande. Kiguu aliidaka kwa nyonga, na nyonga ikaacha alama kwenye mstari wa rangi ya chungwa.

Halafu, kwa kuwa siku mbaya haijui kiasi, akatokea jirani mshonaji akiwa na fuko la vitambaa kichwani. Alisimama ng'ambo ya barabara, akaweka kiganja juu ya macho.

"Shemeji? Ni wewe, shemeji?"

"Ni mimi."

"Si mlisema hiyo haitoki tena barabarani?"

"Naipeleka kwa Legeza."

"Legeza kahamia lini katikati ya maua?" Akatikisa kichwa, akatabasamu kwa huruma iliyochanganyika na furaha, na akaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo mpya, siyo ule wa kichwani.

Kiguu alihesabu moyoni njia ambazo habari ingepita. Mshonaji angemkuta muuza magazeti, muuza magazeti angemwambia dereva, na dereva wa mji ule hakosi kumpeleka mtu hospitali. Alitaka kutembea. Hilo ndilo lililomtesa kuliko jua. Angepewa walau nafasi ya kwenda na kurudi, mlangoni mpaka jikoni! Miguu ilimwasha, goti lilimpiga, na alilazimika kulituliza kwa sababu likitikisika, pikipiki nayo inatikisika.

Plasta alikuja kwa miguu, anakimbia. Alikuwa na koti la kazini na viatu vya hospitali, unga mweupe mpaka kwenye viwiko. Alikatiza kati ya magari bila kutazama, yeye anayemgombeza kila mtu kwa kukatiza. Kiguu akafungua mdomo kuanza kujieleza, lakini mkewe hakumsikiliza. Alimfikia akamshika mabega, akabonyeza mifupa ya juu ya kifua, akashuka na mkono mmoja, kiwiko, kifundo, vidole kimoja kimoja, akahamia wa pili, akapiga magoti kwenye nyasi akapapasa magoti ya mumewe juu ya ile ngozi. Haya ndiyo aliyoyafanya kila siku kwa watu asiowajua.

"Nani kakwambia nimeanguka?" Kiguu akauliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna aliyeniambia hujaanguka." Alikuwa hajainuka. "Wameniambia mumeo yuko mzungukoni na pikipiki. Basi. Nimekuja njia nzima nakupanga. Nikimkuta amevunjika paja nitafanya hivi. Nikimkuta hapumui nitafanya hivi."

Akakaa chini, pale pale, miguu imenyooka mbele kama mtoto, akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yanacheza, na unga wa plasta ukawa unageuka uji mashavuni.

"Mke wangu," Kiguu akasema. Alitaka kuinama. Usukani ukageuka, akaurudisha. "Nisamehe. Nilijiambia mpaka kituo cha mafuta tu."

"Iachie uje hapa."

"Nikiiachia itaanguka."

"Najua."

Magari yalizunguka. Mtu alipiga honi, mwingine akapiga mluzi. Kiguu aliutazama mkono wake wa kulia, akauona umeshika breki, vidole vimekuwa vyeupe. Aliwaza juu ya Jumamosi. Aliwaza mstari ule ulionyooka. Kisha akaanza kuishusha. Alifungua miguu, akaegemeza tangi kwenye paja, akakunja goti polepole, akaweka kiganja chini ya faiba isipate pigo, akatafuta mahali penye nyasi nene, akakosea, akainua kidogo, akatafuta tena. Aliilaza kama mtu anavyomlaza mzee aliyetoka kupasuliwa. Hata hivyo faiba ililia, krr, ufa mrefu kutoka taa isiyokuwepo mpaka kwenye mstari wa chungwa.

Alipoinua macho, mkewe alikuwa ameshavuka barabara. Alikuwa anatembea kurudi kazini, mgongo umenyooka, anajifuta uso kwa kiwiko.

Shemeji ndiye aliyekuja na pikapu, jua likishuka. Alitembeza kidole juu ya ufa, akafyonza, wakaipakia. Nyumbani walikuta kochi la watu wawili limerudi mahali pake. Meza ndogo mbele yake, kitambaa juu ya meza, vikombe juu ya kitambaa. Mama mkwe na Plasta walikuwa wameketi, na mshonaji alikuwa mlangoni anajifanya anaondoka. Kiguu alitafuta kwa macho mabegi, hakuyaona. Hakuthubutu kushusha pumzi.

"Ile jeki nimeiweka nje," Plasta akasema. "Haiingii tena humu."

"Italala wapi?"

"Umesema ni ya uwanjani. Ikalale uwanjani. Nimepiga simu, wana vyumba vya kuwekea. Siku ya kukimbia utaifuata huko, ukimaliza utaiacha huko huko. Nisiione ikitoka kule hata kwa kusukumwa."

"Huko ni mbali. Nitakuwa naiona mara moja kwa mwezi."

"Mimi leo nimekukosa kwa mwendo wa kutoka hospitali mpaka mzungukoni. Wewe huwezi kuikosa mwezi?"

Mama mkwe alikohoa. "Na ile cheni, baba, imekazwa?"

Kiguu akatazama sakafu. "Nilikudanganya, mama."

"Najua. Cheni haivaliwi suti."

Jumamosi aliipeleka. Mkaguzi wa uwanja aliuona ufa kabla pikapu haijazima, akamwambia faiba ishikizwe kwanza, hakuna anayeingia kwenye lami na kitu kinachoweza kumwaga vipande. Kiguu hakubisha. Alisikiliza wenzake wakipita, wote upande mmoja, sauti inakuja, inapita, inakuja. Kisha akaisukuma mpaka kwenye chumba cha mwisho, akaipandisha jeki, akasimama mbele yake kwa muda akiwa hajui mikono aiweke wapi, akafunga mlango.

Jioni hiyo sebuleni kulikuwa na nafasi tele na hapakuwa na mtu aliyejua la kuifanyia. Legeza alipita kusalimu, akaona hakuna cha kulegeza, akaaga. Kiguu alitoka mlangoni akaenda jikoni. Akatoka jikoni akaenda mlangoni. Vikombe vililia kwenye visahani. Mama mkwe akaongeza sauti ya televisheni, mara moja, mara ya pili.

Plasta akafunga kitabu alichokuwa hakisomi.

"Vaa viatu," akasema.

"Twende wapi?"

"Popote. Sijakusamehe, usijichanganye. Nimechoka tu kukusikia ukizunguka."

Wakatoka. Kiguu alikuwa ameshafika kona kabla mkewe hajamaliza kufunga mlango. Akasimama, akarudi, akatangulia tena, akarudi, mpaka Plasta akamkamata mkono wa shati.

"Taratibu," akamwambia. "Mimi sina gia."

Akapunguza. Ilimchukua nyumba kadhaa kuupata mwendo wake, na kila alipoupata, mguu ulimtoroka akaupoteza. Mkewe hakuachia shati. Dirishani kwa mshonaji taa iliwaka, pazia likasogea, na kabla hawajafika mwisho wa mtaa, ng'ambo ya barabara mtu alikuwa ameshaulizwa kama na yeye anawaona.